Elimu ya akili ya kihisia na haki ya kijamii

Elimu ya akili ya kihisia ni mafunzo yanayomsaidia mwanafunzi kutambua hisia zake, kuzitawala, kuelewa hisia za wengine na kujenga mahusiano mema. Inapotumiwa kwa ajili ya haki ya kijamii, lengo lake haliishii kwenye utulivu wa mtoto mmojammoja. Hulenga pia kupunguza ubaguzi, uonevu na utengano shuleni, ili mtoto maskini, mlemavu, mkimbizi, wa kabila dogo au wa jinsia yoyote ahesabiwe kuwa mwenzao na wengine.

Elimu hiyo hutolewa kwa njia mbalimbali: vipindi maalumu, michezo, kazi za vikundi, ushauri nasaha, na mabadiliko katika namna walimu wanavyosimamia nidhamu. Watafiti wengi wanakubali kwamba mafunzo ya namna hiyo yanaweza kuboresha tabia na masomo. Wanachobishania ni kama yanaondoa dhuluma yenyewe au yanamfundisha anayedhulumiwa kuvumilia tu.

## Maana na istilahi

Akili ya kihisia ni uwezo wa kuzipokea hisia kama habari na kuzitumia katika kufikiri na kutenda. Mtu mwenye uwezo huo hakosi hasira wala woga, ila anajua hasira yake imetoka wapi, inamwelekeza wapi, na kama ni vyema kuifuata.

Mafunzo yake huitwa pia elimu ya kijamii na kihisia. Katika Afrika Mashariki sehemu kubwa ya maudhui yake imo katika yale yanayoitwa stadi za maisha, maadili, malezi na ushauri nasaha.

Haki ya kijamii ni hali ambayo watu wote wanapata heshima, fursa na huduma bila kuzuiwa na hali ya kuzaliwa kwao. Ujumuishi ni upande wa pili wa jambo hilohilo: taasisi inabadilika ili kila mtu aweze kushiriki, badala ya kumdai mtu abadilike kwanza ndipo apokelewe.

Uhusiano kati ya mambo hayo mawili unatokana na ukweli kwamba ubaguzi una sehemu mbili. Sehemu moja imo katika sheria, mishahara, majengo na mgawanyo wa walimu. Nyingine imo katika dharau, woga, aibu na mazoea ya kutomwona mwenzako. Elimu ya hisia hugusa hasa sehemu ya pili, na kwa kupitia hiyo hutarajiwa kuwaandaa watu watakaorekebisha ya kwanza.

## Historia

### Chimbuko

Kufundisha watoto kuishi na wengine si jambo jipya. Jamii nyingi za Afrika zililifanya kupitia hadithi, vitendawili, methali, jando na unyago. Methali za Kiswahili zina mafundisho mengi ya aina hiyo. "Hasira hasara" huonya juu ya kutojitawala. "Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu" humkemea anayeona uchungu wake tu. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake" humkumbusha msikilizaji kwamba shida ya mwingine haijulikani kwa kuitazama kwa mbali. "Hujafa hujaumbika" humzuia mtu kumcheka mlemavu.

Hata hivyo mafunzo ya jadi hayakuwa ya haki sikuzote. Mara nyingi yalimfundisha msichana kunyamaza na mdogo kutohoji. Kwa sababu hiyo wataalamu wa elimu hawayachukui yote jinsi yalivyo, bali huyachambua.

### Shule za New Haven

Mwaka 1968 daktari wa magonjwa ya akili James Comer wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alianza mradi katika shule mbili za msingi za mji wa New Haven. Wanafunzi karibu wote walikuwa Wamarekani Weusi kutoka familia maskini, na shule hizo zilikuwa miongoni mwa zilizofanya vibaya zaidi mjini. Comer alikataa maelezo kwamba watoto hao hawana akili au wazazi wao hawajali. Aliona kwamba nyumbani na shuleni palikuwa na mazoea tofauti, na kwamba walimu na wazazi hawakuaminiana.

Mpango wake uliwaweka pamoja wazazi, walimu, wakuu wa shule na wataalamu wa saikolojia katika kamati za kuendesha shule. Baada ya miaka kadhaa mahudhurio, tabia na alama za mitihani zilipanda. Mradi huo huhesabiwa kuwa mmoja wa vyanzo vya elimu ya kijamii na kihisia ya kisasa, na tangu mwanzo ulihusu watoto walioachwa nyuma.

### Kukua kwa dhana

Mwaka 1983 Howard Gardner alitoa nadharia ya akili nyingi, akitaja kati yake uwezo wa kujielewa na uwezo wa kuwaelewa wengine. Mwaka 1990 Peter Salovey na John Mayer walichapisha makala iliyoeleza akili ya kihisia kama uwezo unaoweza kuchunguzwa kisayansi. Mwaka 1995 mwandishi Daniel Goleman aliieneza dhana hiyo duniani kwa kitabu kilichouzwa kwa wingi.

Wakati huohuo, mwaka 1994, lilianzishwa nchini Marekani shirika la CASEL kwa ajili ya kuendeleza mafunzo hayo shuleni. Mwaka 2004 jimbo la Illinois liliweka viwango vya elimu ya kijamii na kihisia kwa shule zake, na majimbo mengine yakafuata.

### Kuelekea usawa

Kwa miaka mingi programu hizo zilisisitiza tabia njema na matokeo ya mitihani. Baadaye wataalamu, hasa Weusi na Walatino, waliuliza kama mtoto anaweza kufundishwa kutuliza hasira bila kuulizwa hasira hiyo inasababishwa na nini. Mwaka 2019 Robert Jagers, Deborah Rivas-Drake na Brittney Williams walichapisha makala iliyopendekeza elimu ya kijamii na kihisia yenye kuleta mageuzi, ambayo inahusisha utambulisho, uwezo wa kutenda, kujiona sehemu ya jamii na kushirikiana kutatua matatizo. Mwaka 2020 CASEL ilibadilisha maelezo yake rasmi ya elimu hiyo ili usawa utajwe waziwazi.

## Stadi tano

Mpangilio unaotumiwa zaidi ni ule wa CASEL wenye stadi tano. Kila moja inaweza kutazamwa upande wa mtu binafsi na upande wa haki.

* Kujitambua: kujua hisia, nguvu na udhaifu wako. Kwa upande wa haki ni kujua pia ulizaliwa katika hali gani, una upendeleo gani na una chuki zipi ulizorithi bila kuzichagua.
* Kujitawala: kudhibiti hasira, woga na tamaa. Kwa upande wa haki ni kuigeuza hasira iliyo halali kuwa hoja, ombi au mashtaka, badala ya ngumi au kinyongo.
* Kuwatambua wengine: kuelewa hisia na hali za watu walio tofauti nawe. Kwa upande wa haki ni kuona pia kanuni zinazowabana.
* Stadi za mahusiano: kusikiliza, kushirikiana na kusuluhisha. Kwa upande wa haki ni kuweza kumtetea anayeonewa hata kama wengi wanacheka.
* Kuamua kwa uwajibikaji: kupima matokeo ya kitendo. Kwa upande wa haki ni kuuliza ni nani atakayeumia kwa uamuzi huo.

## Mbinu za kufundisha

### Kuzipa hisia majina

Hatua ya kwanza katika programu nyingi ni msamiati. Katika mbinu ya RULER iliyobuniwa Yale na Marc Brackett na wenzake, mwanafunzi huonyesha hali yake kwenye chati yenye rangi nne: nyekundu kwa nguvu nyingi na hisia mbaya, njano kwa nguvu nyingi na hisia nzuri, buluu kwa nguvu kidogo na hisia mbaya, kijani kwa nguvu kidogo na hisia nzuri. Kisha hutafuta neno linaloieleza hali hiyo kwa usahihi.

Kiswahili kina maneno mengi yanayofaa kazi hiyo. Hasira si ghadhabu, na wala si kinyongo, ambacho hukaa moyoni muda mrefu. Wivu hutofautiana na husuda. Haya ni sifa njema ya mtu mwenye staha, lakini aibu na fedheha huumiza. Upweke si sawa na unyonge. Tofauti hizo zina maana katika masuala ya haki. Mwanafunzi aliyeitwa kwa jina la ulemavu wake mbele ya darasa anaweza kusema amekasirika, kumbe amefedheheka. Mwalimu anayejua tofauti hiyo atashughulikia aliyemfedhehesha, hatamkanya aliyekasirika peke yake.

### Darasa la vipande

Mwaka 1971 shule za Austin, Texas, zilianza kuchanganya wanafunzi Weupe, Weusi na wenye asili ya Meksiko, nayo magomvi yakazuka. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake walichunguza madarasa wakaona kwamba ushindani wa kujibu maswali ya mwalimu uliongeza uhasama. Wakabuni mbinu ambayo somo hugawanywa vipande. Kila mwanafunzi katika kikundi kidogo hupewa kipande chake, hukijifunza pamoja na wenzake wa vikundi vingine wenye kipande hichohicho, kisha hurudi kuwafundisha wa kikundi chake.

Kwa kuwa hakuna anayeweza kufaulu bila kuwasikiliza wenzake wote, hata mtoto aliyekuwa akidharauliwa kwa sababu ya lafudhi yake alianza kusikilizwa na kusaidiwa kueleza. Mbinu hiyo haihitaji vifaa wala mahubiri juu ya upendo, na inaweza kutumiwa katika somo lolote.

### Mtoto mchanga darasani

Mwaka 1996 mwalimu Mary Gordon alianzisha mjini Toronto, Kanada, programu iitwayo Roots of Empathy. Mzazi wa mtaa ule humleta mtoto wake mchanga darasani mara kadhaa katika mwaka wa masomo. Wanafunzi huketi kumzunguka, humtazama akikua, na hujaribu kutambua anahisi nini anapolia, anapocheka au anaposhindwa kukifikia kitu. Mwelekezi huwasaidia kuvuka kutoka hisia za mtoto huyo hadi hisia zao na za wenzao.

### Mduara wa mazungumzo

Katika mbinu ya mduara, wanafunzi na mwalimu huketi kwa usawa, na anayeshika kitu fulani, kwa mfano kijiti, ndiye anayesema huku wengine wakisikiliza. Huzungumzia jambo lililotokea, nani ameumia, na nini kifanyike ili kurekebisha. Mbinu hiyo ni sehemu ya haki rejeshi, ambayo inafanana na mabaraza ya wazee ya jamii nyingi za Afrika, na inatumika shuleni katika nchi kama Marekani, Uingereza na New Zealand.

### Zoezi la rangi ya macho

Aprili 1968, baada ya kuuawa kwa Martin Luther King, mwalimu Jane Elliott wa Riceville, Iowa, aliligawa darasa lake la watoto Weupe kwa rangi ya macho. Siku moja wenye macho ya kahawia walipewa upendeleo na wengine wakadharauliwa. Baadaye zamu ikabadilishwa. Watoto waliodharauliwa walinyong'onyea na kufanya vibaya katika kazi zao, na waliopendelewa wakaanza kuwatesa wenzao. Zoezi hilo limesifiwa kwa kuonyesha jinsi ubaguzi unavyojengwa haraka. Limekosolewa pia kwa sababu liliwaumiza watoto ambao hawakuulizwa kama wanakubali.

## Nidhamu na adhabu

Mahali ambapo hisia na haki hukutana waziwazi ni katika adhabu. Mwalimu huamua kwa haraka, mara nyingi akiwa amechoka au ameudhika, na uamuzi wake unaweza kumtoa mtoto shuleni.

Takwimu za Wizara ya Elimu ya Marekani za mwaka wa masomo 2013–2014 zilionyesha kwamba uwezekano wa mwanafunzi Mweusi kusimamishwa masomo ulikuwa mara 3.8 ya ule wa mwanafunzi Mweupe. Programu zinazomfundisha mtoto peke yake haziwezi kuondoa tofauti hiyo ikiwa chanzo kimojawapo ni jinsi mwalimu anavyokitazama kitendo kilekile kinapofanywa na watoto tofauti.

Mwaka 2016 Jason Okonofua, David Paunesku na Gregory Walton walichapisha matokeo ya jaribio katika shule 5 za kati za California. Walimu 31 wa hisabati walishiriki, nao wanafunzi wao walikuwa 1,682. Baadhi ya walimu walipewa zoezi fupi la mtandaoni. Walisoma jinsi mtoto anavyoweza kufanya vibaya kwa sababu ya woga au kutoaminiana, wakasoma maneno ya wanafunzi waliotendewa kwa heshima hata walipokuwa wanaadhibiwa, kisha wakaandika watakavyofanya wao. Katika mwaka huo asilimia 4.8 ya wanafunzi wa walimu hao walisimamishwa masomo, ikilinganishwa na asilimia 9.6 ya wanafunzi wa walimu waliopewa zoezi lisilohusiana na nidhamu. Hakuna mwanafunzi aliyefundishwa chochote kipya. Aliyefundishwa ni mwalimu.

Katika Afrika Mashariki suala hilo linahusu zaidi viboko. Kenya ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikathibitisha katazo hilo. Tanzania Bara imeendelea kuiruhusu chini ya kanuni za mwaka 1979, kwa masharti: mkuu wa shule ndiye mwenye mamlaka, na viboko visizidi vinne. Watetezi wa elimu ya hisia hudai kwamba kiboko humfundisha mtoto kuogopa kukamatwa, si kuelewa aliyemkosea. Walimu wengi nao hujibu kwamba katika darasa lenye wanafunzi wengi kupita kiasi hawajapewa njia mbadala inayotekelezeka. Hoja zote mbili zinaonyesha kwamba mafunzo ya walimu na idadi ya wanafunzi darasani ni sehemu ya mjadala huohuo.

## Elimu jumuishi

Mwezi Juni 1994 wawakilishi wa serikali 92 na mashirika 25 ya kimataifa walikutana Salamanca, Hispania, wakatoa tamko kwamba shule za kawaida ziwapokee watoto wote, pamoja na wenye ulemavu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 uliifanya elimu jumuishi kuwa haki. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009.

Kumpokea mtoto darasani hakutoshi kumfanya awe mmoja wa darasa. Mtoto kiziwi anaweza kuketi katikati ya wenzake 60 na kukosa hata mmoja wa kuzungumza naye. Mtoto mwenye ualbino anaweza kuandikishwa, lakini akakaa peke yake kwa sababu wenzake wameambiwa hadithi za kutisha juu yake, hasa katika maeneo ya Ziwa Victoria ambako watu wenye ualbino wameuawa kwa imani za kishirikina. Hapo kazi ya elimu ya hisia huwa na pande tatu: kuwapa watoto wengine maarifa sahihi yanayoondoa woga, kuwapa shughuli za pamoja ambazo kila mmoja ana mchango ndani yake, na kumpa mtoto mwenyewe ujasiri wa kusema anachohitaji. Kioo cha kukuzia maandishi, kofia, kiti cha mbele na mkalimani wa lugha ya alama hubaki vya lazima. Huruma haiwezi kuchukua nafasi yake.

Wataalamu wa ulemavu husisitiza pia tofauti kati ya kuhurumiwa na kuheshimiwa. Mtoto anayebebewa mkoba kila siku bila kuulizwa hujifunza kwamba hana uwezo. Kumwuliza kwanza kama anataka msaada ni somo dogo la akili ya kihisia.

Suala jingine ni la wasichana waliopata mimba. Nchini Kenya mwongozo wa kuwarudisha shuleni ulianza katika miaka ya 1990. Nchini Tanzania, baada ya tamko la Rais John Magufuli la mwaka 2017 kwamba hawataruhusiwa kurudi, serikali ilitangaza tarehe 24 Novemba 2021 kwamba wanafunzi walioacha masomo kwa sababu mbalimbali, ikiwemo mimba, wanaweza kuendelea katika shule za kawaida. Ruhusa hiyo huondoa kizuizi cha kanuni. Kizuizi cha pili ni macho na maneno ya wanafunzi na walimu siku msichana anaporudi, na hapo ushauri nasaha na maandalizi ya darasa lenyewe huamua kama atabaki.

## Afrika Mashariki na Kati

Tanzania: Katika andiko la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, Julius Nyerere aliilaumu elimu ya kikoloni kwa kukuza ubinafsi, akataka shule zijenge ushirikiano na usawa. Andiko hilo halikutumia istilahi ya akili ya kihisia, lakini lilikuwa na hoja kwamba shule hufundisha mahusiano hata isipokusudia. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 una somo la Historia ya Tanzania na Maadili.

Kenya: Mfumo wa mtaala wa umilisi uliotolewa mwaka 2017 umetaja haki ya kijamii miongoni mwa maadili ya kufundishwa, pamoja na upendo, heshima, umoja, amani, uwajibikaji na uzalendo. Ushirikiano na kujiamini ni kati ya umilisi wa kimsingi.

Upimaji wa kikanda: Mpango wa ALiVE, ulioundwa na mashirika ya elimu ya Kenya, Tanzania na Uganda, umetengeneza vipimo vya kujitambua, ushirikiano, utatuzi wa matatizo na heshima kwa vijana wa miaka 13 hadi 17, pamoja na walio nje ya shule. Watungaji walianza kwa kuuliza wazazi na vijana wenyewe maneno hayo yana maana gani kwao, kwa sababu vipimo vingi vya stadi hizo vilitungwa kwa ajili ya watoto wa nchi tajiri.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: Katika shule za msingi za Katanga, shirika la IRC liliunganisha mafunzo ya kusoma na hisabati na mbinu za kumfanya mtoto aliyepitia vita ajione salama darasani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walichunguza mpango huo. Baada ya mwaka mmoja wanafunzi waliwaona walimu na shule zao kuwa wenye kujali zaidi, lakini mafanikio hayakuonekana katika kila kipimo.

Rwanda: Mwaka 2004 ilianza tamthilia ya redio ya Musekeweya, juu ya vijiji viwili vyenye uhasama, kwa lengo la kuponya majeraha ya mauaji ya kimbari ya 1994. Utafiti wa Elizabeth Levy Paluck uliochapishwa mwaka 2009 uligundua kwamba wasikilizaji hawakubadilika sana katika imani zao za binafsi. Kilichobadilika ni walivyoona inavyofaa kutenda katika jamii, kwa mfano kuaminiana na kusema wazi wasipokubaliana.

## Matokeo ya utafiti

Uchambuzi mashuhuri ni ule wa Joseph Durlak na wenzake wa mwaka 2011. Ulikusanya programu 213 zenye wanafunzi 270,034. Waliopata mafunzo walizidi wenzao katika stadi na tabia, na katika masomo walipanda kwa kiasi cha nafasi 11 kati ya 100. Uchambuzi wa Christina Cipriano na wenzake wa mwaka 2023 ulihusisha tafiti 424 kutoka nchi 53 na ulipata matokeo mazuri kwa ujumla.

Si kila programu imefaulu. Nchini Uingereza tathmini ya programu ya serikali iitwayo SEAL katika shule za sekondari, iliyotolewa mwaka 2010, haikupata mabadiliko ya maana kwa wanafunzi. Jaribio kubwa la MYRIAD, lililohusisha zaidi ya vijana 8,000 na kutolewa mwaka 2022, lilionyesha kwamba mafunzo ya utulivu wa akili hayakuleta faida kuliko vipindi vya kawaida.

Upungufu mwingine ni kwamba tafiti nyingi hupima alama na tabia za mtoto. Chache hupima kama mgawanyo wa adhabu, urafiki kati ya makundi au sauti ya wanyonge shuleni vimebadilika, ingawa hayo ndiyo yanayohusu haki ya kijamii.

## Ukosoaji

Kumfunza mnyonge uvumilivu: Wakosoaji husema kwamba mtoto mwenye njaa akifundishwa kupumua polepole, tatizo limehamishwa kutoka kwenye sahani hadi kwenye moyo wake. Mwalimu na mtafiti Dena Simmons ni kati ya waliosisitiza kwamba elimu hiyo isipozungumzia ubaguzi inaweza kuwa chombo cha kudhibiti watoto Weusi.

Mipaka ya huruma: Mwanafalsafa wa elimu Megan Boler, katika kitabu chake cha mwaka 1999, alionya juu ya huruma inayomfanya msomaji atokwe machozi kisha ajione ametimiza wajibu. Mwanasaikolojia Paul Bloom alidai mwaka 2016 kwamba huruma huelekea kwa wanaofanana nasi na walio karibu, kwa hiyo si mwongozo wa kutosha wa haki.

Utamaduni: Hisia hazionyeshwi kwa namna moja kila mahali. Mtoto asiyemtazama mwalimu machoni anaweza kuhesabiwa kuwa mkaidi katika nchi moja na mwenye adabu katika nyingine. Vipimo vinavyosahau jambo hilo huzaa ubaguzi mpya.

Siasa: Nchini Marekani baadhi ya wazazi na wanasiasa huiona elimu hiyo kuwa njia ya kuingiza itikadi shuleni. Mwaka 2022 jimbo la Florida lilikataa vitabu kadhaa vya hisabati, likitoa kama sababu mojawapo kuwepo kwa maudhui ya kijamii na kihisia.

Mzigo wa mwalimu: Mwalimu huombwa awe mlezi, mshauri na msuluhishi bila kupunguziwa vipindi wala kuongezewa mafunzo. Programu zinazomsahau mwalimu, aliye na hisia na uchovu wake, hazidumu.

## Tazama pia

* Akili
* Elimu jumuishi
* Elimu ya Kujitegemea
* Haki za watoto
* Saikolojia
* Ubuntu